Treni za chini ya ardhi za New York: kero zake, raha zake na sababu inayoziunganisha

Mtu anayezitathmini treni za chini ya ardhi za New York kwa vigezo vya usafi, utulivu na kufika kwa dakika iliyotangazwa atamaliza kazi yake upesi, na alama atakazotoa zitakuwa za chini. Majukwaa ni machafu, panya hukatiza kati ya reli bila hofu ya mtu yeyote, magurudumu hulia kwenye kona kwa sauti ya kutoboa masikio, na tangazo la kuchelewa hutolewa wakati kila abiria ameshajionea mwenyewe kwamba amechelewa. Yote hayo ni kweli na sitayapunguza makali. Hata hivyo, maoni yangu ni kwamba hakuna njia bora kuliko hiyo ya kuishi katika jiji lile au kulitembelea, na kwamba sehemu kubwa ya kero hizo inatokana na jambo lile lile linaloufanya mtandao huo uwe na thamani, yaani kwamba haufungwi.

Miji mingi yenye treni za namna hii husimamisha huduma kwa saa chache kila usiku, mafundi wakaingia kwenye mahandaki, wakabadilisha vipande vya reli, wakafagia, na alfajiri milango ikafunguliwa tena. New York haina saa hizo. Tangu tarehe 27 Oktoba 1904, ilipofunguliwa njia ya kwanza kutoka City Hall hadi mtaa wa 145, treni zimekuwa zikitembea usiku na mchana, isipokuwa katika dharura kama vile dhoruba na migomo. Kipindi kirefu cha pekee ambacho huduma ya usiku ilikatwa kwa mpango kilikuwa wakati wa janga la UVIKO-19, kuanzia Mei 2020 hadi Mei 2021, na hata wakati huo ilikatwa kwa saa chache tu ili mabehewa yasafishwe. Maana yake ni kwamba muuguzi anayetoka zamu saa tisa usiku, mpishi aliyefunga jiko na mfagiaji anayekwenda kuanza kazi kabla ya mapambazuko wote wana usafiri, kwa nauli ile ile inayolipwa adhuhuri. Ni kweli kwamba usiku wa manane treni hupishana kwa takriban dakika 20, kwamba njia B na C (njia za huko huitwa kwa herufi au namba) huwa hazipo, na kwamba treni A, ambayo mchana huruka vituo, husimama katika kila kituo. Lakini treni ipo.

Gharama ya neema hiyo hulipwa zaidi mwishoni mwa wiki. Kwa kuwa matengenezo hayana usiku wake, hufanywa huku treni zikiendelea kupita, na ratiba ya Jumamosi na Jumapili hugeuka kuwa fumbo: treni ya njia moja hupita kwenye reli za njia nyingine, vituo kadhaa hurukwa kwa upande mmoja tu wa safari, na sehemu fulani ya njia huachiwa mabasi. Matangazo yake hubandikwa kwenye nguzo za majukwaa na huonyeshwa kwenye skrini, na mgeni asiyeyasoma hujikuta Brooklyn akidhani anakwenda Queens. Ushauri wangu kwa msomaji ni kwamba ramani iliyochapishwa aiamini kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa mchana, na nyakati nyingine zote atazame taarifa za siku hiyo kabla ya kushuka ngazi.

Wapo wanaosema kwamba ingekuwa heri kufunga kila usiku kama wenzao na kumaliza matatizo mara moja. Nawaelewa, ila nadhani mkasa wa njia L unaonyesha kwa nini wakazi hawakubali kirahisi. Kimbunga Sandy, mwishoni mwa Oktoba 2012, kiliyajaza maji ya chumvi mahandaki yanayopita chini ya East River, na chumvi iliendelea kula nyaya na zege muda mrefu baada ya maji kupampiwa nje. Handaki la Canarsie, ambalo njia L hulitumia kuingia Manhattan kutoka Brooklyn, lilipangiwa kufungwa kabisa kwa miezi 15, na kwa miaka mitatu mitaa ya Williamsburg na Bushwick iliishi na hofu hiyo, watu wakihama na wenye maduka wakipiga hesabu za hasara. Januari 2019 mpango huo ulifutwa. Kazi ikafanywa usiku na mwishoni mwa wiki, mrija mmoja ukifungwa huku treni chache zikipita katika mwingine, na Aprili 2020 ikakamilika. Abiria walisubiri sana na kubanana sana, lakini njia yao haikukatika.

Uwezo huo wa kutengeneza huku ukisafirisha unatokana pia na uamuzi wa wahandisi wa mwanzo, ambao kwa maoni yangu ndio wa busara kuliko yote katika historia ya mtandao huo: kwenye njia kuu za Manhattan waliweka reli 4 badala ya 2. Reli mbili za kati ni za treni za haraka, na mbili za pembeni ni za treni zinazosimama kila kituo. Chini ya Lexington Avenue, treni 4 na 5 huruka vituo na treni 6 husimama vyote. Chini ya Broadway, treni 2 na 3 huruka na treni 1 husimama. Mafundi wanapohitaji reli mbili, treni zote husogezwa kwenye mbili zilizobaki. Na katika siku ya kawaida, mpangilio huo huleta burudani ambayo sijaiona ikitajwa katika vitabu vya watalii. Katika kituo cha 96th Street, treni 1 husimama upande mmoja wa jukwaa na treni 2 au 3 upande wa pili, hatua chache tu kati yake, mara nyingine milango yote ikiwa wazi kwa wakati mmoja. Abiria ana muda mfupi sana wa kuamua: abaki alipo akae kwa raha, au avuke jukwaa aruke vituo vingi lakini asimame amebanwa mlangoni? Wenyeji huamua bila kuinua macho kutoka kwenye simu. Mgeni akianza kuamua vizuri, ajue ameshaanza kuwa mwenyeji.

Kuchelewa kwa treni siku za kazi kuna chanzo kingine, nacho ni ishara za reli. Sehemu kubwa ya mfumo bado inaongozwa na teknolojia ya miaka ya 1930, ambayo inajua tu kwamba treni iko mahali fulani ndani ya kipande cha reli, bila kujua ni mahali gani hasa, na kwa sababu hiyo hulazimika kuacha nafasi kubwa tupu kati ya treni na treni. Hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba Juni 2017 gavana wa jimbo la New York wa wakati huo, Andrew Cuomo, alitangaza hali ya dharura. Njia L na 7 zimeshapata mfumo mpya unaofahamu mahali treni ilipo wakati wote, na tofauti yake inaonekana kwa macho: treni 7 hufuatana kwa karibu, na aliyeikosa moja hana haja ya kukimbia. Kwingineko, treni itasimama katikati ya handaki, taa zikiwaka, kila mtu akitazama viatu vyake, na sauti ya spika itaeleza kwamba kuna treni nyingine mbele. Huo ndio wakati wa kuwa na kitabu.

Kuhusu mabehewa, sina lawama kubwa. Yale mapya yaliyoanza kuingia njia A mwaka 2023 yana milango mipana na kamera za usalama, na yapo machache, yaliyoanza kwenye njia C mwaka 2024, ambayo mtu anaweza kutembea kutoka behewa moja hadi jingine bila kufungua mlango. Hata hivyo moyo wangu uko kwa yale ya miaka ya 1980 yanayotumika kwenye njia B na D, yenye viti vya plastiki vya rangi ya machungwa na njano, kwa sababu baadhi ya viti vyake vimewekwa karibu na dirisha na kuelekea mbele. Msomaji atakayebahatika kukipata kiti hicho avuke Manhattan Bridge akiwa amekikalia. Treni hutoka gizani ghafla, mto unatokea chini, Brooklyn Bridge iko karibu sana na Sanamu ya Uhuru iko mbali ikiwa ndogo, na kwa dakika chache hata wale waliokuwa wamesinzia huinua vichwa. Njia N na Q pia hupita hapo.

Msomaji akiwa kwenye treni B au Q akielekea Manhattan, aangalie dirisha la kulia mara tu baada ya kituo cha DeKalb Avenue. Katika kituo cha Myrtle Avenue, kilichoachwa kutumika, msanii Bill Brand aliweka mwaka 1980 mchoro mrefu wenye vipande 228 nyuma ya ukuta wenye nyufa nyembamba. Mwendo wa treni huifanya michoro hiyo ionekane ikicheza kama katuni: maumbo ya rangi yanavimba, yanapasuka, roketi inaruka, kisha giza linarudi. Treni ikienda polepole kwa sababu ya msongamano, kama ilivyo kawaida yake hapo, picha nazo huenda polepole. Wengi hupita kila siku wakiwa wameangalia upande mwingine.

Raha nyingine ni za bei ile ile. Nauli ni dola 3 tangu Januari 2026, iwe unakwenda kituo kimoja au jiji zima, na njia A peke yake ina urefu wa karibu kilomita 50 kutoka mtaa wa 207, kaskazini mwa Manhattan, hadi Far Rockaway ufukweni mwa Atlantiki. Baada ya kituo cha Howard Beach treni hutembea juu ya kamba nyembamba ya ardhi na madaraja katika maji ya Jamaica Bay, ndege wa majini upande mmoja na ndege za uwanja wa JFK upande mwingine, na ni vigumu kukumbuka kwamba chombo hiki ndicho kilichokuwa chini ya mitaa ya Manhattan muda si mrefu uliopita. Sandy iliibomoa sehemu hiyo, na ilichukua hadi mwisho wa Mei 2013 kuirudisha. Msomaji aangalie maandishi ya mbele ya treni kabla ya kupanda, maana baadhi ya treni A huishia Lefferts Boulevard na hazifiki majini kabisa.

Malipo ni rahisi siku hizi. Kadi za MetroCard ziliacha kuuzwa mwishoni mwa 2025, na sasa abiria hugusisha kadi ya benki au simu kwenye kisoma-kadi cha mlangoni. Akitumia kadi ile ile kila safari, akishalipa dola 35 ndani ya siku 7 husafiri bure hadi siku hizo ziishe. Kinachoniudhi ni kwamba katika vituo kadhaa mlango wa kwenda kaskazini na ule wa kwenda kusini ni tofauti na hakuna njia ya kuvuka ndani, kwa hiyo aliyeingia upande usio wake hana budi kutoka, kuvuka barabara kwa miguu na kulipa upya. Ubao ulio juu ya ngazi hueleza mlango ni wa upande gani. Usomwe.

Joto la Julai ni suala jingine. Mabehewa yana viyoyozi vizuri, lakini joto linalotolewa ndani ya behewa halina pa kwenda isipokuwa jukwaani, ambako watu husubiri wakitiririka jasho. Ipo kanuni moja ya kiangazi ambayo wakazi wote huijua: treni iliyojaa ikifika na behewa moja likawa tupu, usifurahi wala usiingie, kwa sababu ama kiyoyozi chake kimekufa au kuna harufu isiyovumilika. Upande wa maji, pampu huondoa lita zinazokaribia milioni 50 kila siku hata kukiwa hakuna mvua, na mvua kubwa ikinyesha, kama ilivyokuwa Septemba 2021 na Septemba 2023, ngazi hugeuka maporomoko na njia kadhaa husimama. Siku ya namna hiyo sioni aibu kumshauri mtu abaki nyumbani.

Wanaoogopa kusafiri usiku wajue ubao mmoja. Kondakta hukaa katikati ya treni, na treni inaposimama hufungua dirisha lake, hunyoosha kidole kuelekea ubao wenye milia myeusi na myeupe unaoning'inia juu ya jukwaa, na ndipo hufungua milango. Utaratibu huo umekuwepo tangu 1996, na lengo lake ni kuhakikisha kwamba treni yote imefika jukwaani kabla ya mtu kutoka. Anayesimama chini ya ubao huo hukutana uso kwa uso na mfanyakazi, na behewa lililo mbele yake huwa halikosi watu. Kisha akae mbali na ukingo wa jukwaa, kwa sababu katika vituo vingi hakuna kizuizi chochote kati ya abiria na reli.

Njia G inastahili kutajwa kwa namna yake. Ukiacha treni fupi za kuunganisha vituo, hiyo ndiyo njia pekee isiyoingia Manhattan. Inaunganisha Brooklyn na Queens, na treni zake ni fupi kuliko majukwaa yake. Asiyejua husimama mwishoni mwa jukwaa, huiona treni ikimpita na kusimama mbali, kisha hukimbia pamoja na wenzake waliobeba mifuko. Wenyeji wa Greenpoint, mtaa wa Brooklyn, wameshazoea mbio hizo. Mimi nazihesabu kama mazoezi ya bure.

Kwa upanuzi, mwendo ni wa kusikitisha. Njia ya Second Avenue ilizungumziwa tangu miaka ya 1920, na awamu yake ya kwanza, yenye vituo vitatu vipya, ilifunguliwa tarehe 1 Januari 2017 kwa gharama ya takriban dola bilioni 4.5. Vituo vyenyewe ni vizuri mno, virefu kwenda juu na vyenye mwanga, na picha za vigae za msanii Vik Muniz katika kituo cha 72nd Street zinaonyesha watu wa kawaida wakisubiri treni kwa ukubwa wao halisi, kiasi kwamba mara ya kwanza mtu hutaka kumpisha mmoja wao. Tangu Januari 2025 madereva wa magari wanaoingia sehemu ya kusini ya Manhattan hulipa ada, ambayo kwa magari madogo ni dola 9 mchana, na fedha hizo zimetengwa kwa ajili ya ishara mpya, lifti na upanuzi wa njia hiyo. Naona ni haki, ingawa madereva wataniona adui.

Lifti ndizo zinazonizuia kuupa mtandao huu sifa zote ninazotaka kuupa. Kati ya vituo 472, takriban theluthi moja tu ndivyo vinavyofikika kwa mtu anayetumia kiti cha magurudumu, na lifti zilizopo huharibika. Mama mwenye kigari cha mtoto hutegemea mtu asiyemjua amshikie magurudumu ya mbele kwenye ngazi, na kwa kweli mtu huyo hupatikana karibu kila mara, hata katika jiji linalosifika kwa watu wasiosalimiana. Mwenye kiti cha magurudumu hawezi kubebwa hivyo. Makubaliano ya mahakamani ya mwaka 2022 yanaitaka mamlaka ya usafiri ifikishe lifti au njia za mteremko katika asilimia 95 ya vituo ambavyo havikuwa navyo ifikapo 2055, muda ambao abiria wengi wa leo hawatauona. Kwa mwenye kiti cha magurudumu, yote niliyoyasifu hapo juu hayana maana kubwa, na ushauri ulio sahihi ni mwingine kabisa: atumie mabasi. Yana mwendo wa kobe na hukwama kwenye foleni, lakini yote yana njia ya mteremko au lifti ya kuteremshwa mlangoni, nauli ni dola 3 zile zile, na dereva haondoki mpaka kiti kimefungwa imara mahali pake.